Gari Inayosita

Makunduchi, 14 Januari 2024

Shemegi Hamad,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima. Dada yako Muzdalifa hajui kama nakuandikia, lakini angejua angekusalimu, kwa hiyo pokea salamu zake. Barua nampa Bi Riyama, maana anarudi Maskat wiki hii kufuata biashara yake ya majora ya vitambaa, na nshamwapisha asiifungue. Utaniuliza kwa nini nisikupigie tu. Simu yangu haikai mkononi mwangu, shemegi. Mara dada yako anatazama picha, mara wageni wanaitaka. Hili nataka liwe baina yetu.

Weye ndiye unayeuza vipuri huko, gari unazijua nje ndani. Basi ile Mark X yangu nnataka kuitia nguvu, tena si kidogo. Ubaya wake ni hiyo otomatiki. Ukiikanyaga ghafla inasita kwanza, kama mtu anayetafuta kiatu mlangoni, ndipo inaondoka. Ninapopeleka wageni ufukweni kusita huko hakuna neno. Lakini siku ile ya mwaka jana, namkimbiza Muzdalifa hospitali na uchungu umemshika, nilitaka kulipita fuso pale Kitogani na gari ikasita. Mtoto tulimkosa, unajua. Mpaka leo nikikaa kimya naisikia ile gari inavyosita.

Nitafutie tabo, ile ya kuipulizia injini hewa. Nitafutie ekzosi kubwa, na springi fupi za kuishusha isiyumbe kwenye kona. Na kama kuna kitu cha kuiambia gia boksi iache kufikirifikiri, nakitaka hicho kabla ya vyote. Ilinichelewesha mara moja, haitanichelewesha tena.

Usimwambie mama yako. Khasa mama.

Shemegi yako,
Ubwa


Maskat, 4 Februari 2024

Wa alaykum salaam, bwana mwenda mbio!

Barua yako nimeisoma nimesimama kaunta, nikacheka mpaka tajiri wangu wa duka akanitolea macho. Weye, Ubwa! Weye unayesimama barabarani kumpisha kuku! Siku ya harusi yako msafara mzima ulikupigia honi nyuma, na bibi harusi mwenyewe akauliza kama gari imezimika. Leo unataka tabo?

Msiba wa mwaka jana umetuuma sote, na kila mtu ana dawa yake. Lakini nasikia siku hizi vijana wanashindana barabara ya Chukwani. Kama umejiunga nao niambie, nisikie kwako kabla sijasikia kwa watu.

Sasa la kazi. Tabo isahau. Injini yako haikuumbwa nayo, na ukiifunga atakayelipa ni gia boksi. Gia boksi ya otomatiki haiuliwi na mbio, inauliwa na joto. Na huko kusita ni kwamba inachagua gia. Kabla hujampita mtu, vuta mkono wa gia uweke kwenye S, itaacha kusita. Imo humo humo ndani ya gari yako, bure, hukuwa ukiitumia tu.

Lakini najua ukishataka kitu umetaka. Ndani ya boksi mna ekzosi na springi fupi. Bi Riyama kalalamika uzito, mpe maji baridi akifika. Ifunge, ngurumisha, watoto wa Makunduchi wakushangilie. Kuku nao watakupisha.

Hamad


Makunduchi, 3 Machi 2024

Shemegi,

Ekzosi na springi nimezifunga. Kanifungia Kheir, fundi wa Mwanakwerekwe, na kompyuta ya injini pia kaichezea. Gari inaondoka kweli, lakini kwa safari ndefu inatoa harufu ya kuungua, na Kheir anasema nisitie wasiwasi. Mie natia.

Nataka kitu kikubwa zaidi. Nimeona kwenye mtandao kuna mtu kafunga tabo kwenye gari kama yangu na bado anaiendesha. Nishindane wapi mie, na nani? Usiniulize sana. Ila kila kitu kiwe tayari kabla ya mwezi wa saba, nakuomba sana.

Hiyo S nimeijaribu. Ni kweli haisiti. Ningeijua mwaka jana.

Na kuku siwapishi tena.

Ubwa


Makunduchi, 3 Machi 2024

Kaka Hamad, shikamoo.

Barua hii Bi Riyama ataitia ndani ya khanga zake, na ya Ubwa kaitia mkobani. Usimwambie mmoja habari ya mwengine.

Kaka, mie nna mimba. Tumeificha kwa sababu ya yale ya mwaka jana. Tulisema safari hii hata kivuli kisijue, mpaka itakapojionesha yenyewe. Sasa inajionesha na mie naogopa. Siogopi kuzaa, naiogopa gari.

Tangu siku niliyomwambia Ubwa, hakai. Akitoka kazini yumo chini ya gari. Akilala anaamka kuisikiliza kama vile ndiyo yenye mimba. Halafu likaja boksi lako. Wiki iliyopita nilikwenda mjini kupimwa, na gari imeshushwa mpaka inakaribia kukwangua chini. Unayajua yale matuta ya Jozani, waliyoyaweka kwa ajili ya kima. Kila tuta lilinipiga kiunoni. Tulipofika nikaona damu. Kidogo, kaka, lakini ni damu. Daktari kasema mtoto mzima, ila nipumzike na nisitikiswe. Kurudi nyumbani Ubwa aliendesha huku analia, na ile ekzosi ikinguruma hata nisiweze kumwambia nyamaza.

Nilidhani angezitoa zile springi. Wapi! Anasema tatizo ni kwamba bado hatukwenda mbio ya kutosha.

Nikuambie lilikotoka. Siku ile hospitali, mama alikuwa amempakata mtoto kwenye shuka, akamtazama Ubwa mbele ya watu wote, akasema: "Angekuwa dereva mwanamme, mjukuu wangu angefika mzima." Nilikuwa nyuma ya pazia nikasikia. Ubwa hakujibu kitu. Mpaka leo hajalitamka neno lile, hata kwangu. Kule mjini, Malindi kwa mama, anakwenda siku ya Idi tu, anasalimu mlangoni anaondoka.

Mie nataka nikazalie kwetu, karibu na hospitali, yaishe. Lakini desturi yetu unaijua. Mama ndiye anayekuja kumwombea mwanawe ruhusa kwa mume. Mume akimpeleka mkewe kwao mwenyewe, na mkoba mkononi, watu watasema kamrudisha. Ubwa hanipeleki kwa hilo. Na mama haji, kwa sababu hajui, na hata angejua sina hakika. Basi mie nimekaa hapa katikati, na gari inaongezwa nguvu.

Namsikia na Kheir wanaizungumza tabo; usimpelekee, kaka. Nakuomba kwa Mungu.

Mdogo wako,
Muzdalifa


Maskat, 22 Machi 2024

Mama, shikamoo. Ramadhani karimu.

Nakuandikia, sikupigii, kwa sababu kwenye simu utanikatisha, na hili nataka ulisikie mpaka mwisho.

Navunja siri ya mtu. Muzdalifa ana mimba. Wamekuficha kwa hofu, si kwa dharau. Ubwa anaitengeneza gari yake iende mbio, na mie kwa ujinga wangu nikamcheka, nikampelekea vipuri vya kuishusha. Vipuri hivyo vimemtikisa dada yangu mpaka akaona damu. Mama, mie nilikuwa nacheka kaunta.

Unakumbuka ulichomwambia Ubwa hospitali? Sitaki unijibu. Nataka ujue tu kwamba yeye amekikumbuka. Kila kipuri anachoniagiza anamjibu mtu, na mtu mwenyewe ni wewe. Ataendelea kuagiza mpaka gari imtoe roho, yeye au mwanao.

Muzdalifa anangoja kuombewa na wewe, kama ilivyo desturi. Hawezi kulisema. Nimelisema mie.

Mwanao,
Hamad


Maskat, 22 Machi 2024

Shemegi Ubwa,

Nimeulizauliza kwa watu wanaojua, wanaoshindana jangwani huku na gari za otomatiki, nikajiona mjinga. Zile springi na ekzosi ni za kujionesha. Nilikosea, zitoe zote mbili, mpe hata Kheir akauze.

Sikiliza wanavyofanya wenye mbio za kweli. Kwanza breki. Mtu asiyeamini breki zake hakanyagi mafuta. Nimekuletea diski na brekipedi za mbele. Pili shokapu laini, na springi za urefu wake wa asili. Barabara yako ina matuta, na gari ngumu kila tuta inasimama, lakini laini inapita kama haikuona kitu. Hesabu mwenyewe matuta ya Jozani peke yake. Tatu tairi, nimezitia nne mpya, na Bi Riyama kanitukana kwa lugha mbili. Anazipeleka kwa meli pamoja na mizigo yake, zitachelewa kidogo. Nne, rejeta ndogo ya kupozea oili ya gia boksi, na oili yenyewe, usitie nyengine. Mwambie Kheir airudishe kompyuta ilivyokuwa, hiyo harufu ya kuungua itaondoka. Tabo hawafungi. Wamecheka nilipowauliza.

Gari ikishafungwa hivi hakuna itakayoipita baina ya Makunduchi na mjini. Nnakwambia kweli tupu.

Na yale ya kuku, na yale ya harusi, nilivuka mpaka. Niwie radhi. Msafara ule ulifika salama, na mimi nilikuwemo.

Hamad


Malindi, 14 Aprili 2024

Hamad mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta nakuna nazi ya futari, na futari ikaungua. Umefurahi?

Kwanza, nani kakuambia umwandikie mama yako barua ya kumfunza adabu ndani ya mwezi wa Ramadhani? Wewe niliyekuwa nikikufuta makamasi!

Pili, sikusema hivyo. Nilisema angekuwa dereva mwengine. Na kama nilisema mwanamme, basi nilisema nimempakata mjukuu wangu amepoa, na mtu akiwa hali hiyo haulizwi kasema nini. Yeye Ubwa angeweza kunijibu. Angenijibu tungegombana, tungelia, yakaisha palepale. Alinyamaza. Mtu akinyamaza mie nitajuaje kama limemwingia?

Tatu, mwanangu ananificha mimba! Mie! Kama jirani mwenye jicho baya! Hilo ndilo lililoniliza, Hamad, nililia mpaka Idi imenipita sikuiona. Nimekaa nikajiuliza nimefanya nini hata mwanangu wa kumzaa aniogope. Nimelipata jibu, na wewe hukupaswa kuniandikia, nilikuwa nalijua.

Jumamosi nakwenda Makunduchi. Nitaoka mikate ya mofa na nitampikia Muzdalifa ubuyu, alikuwa akiupenda. Usimwambie mtu kama nakwenda.

Hiyo gari siipandi.

Mama yako,
Mwatima


Makunduchi, 5 Mei 2024

Shemegi Hamad,

Assalaam alaykum. Vipuri vyote vimefika na vyote nimevifunga. Ulisema kweli, gari imekuwa nyengine. Matuta ya Jozani hayasikiki. Harufu imekwisha. Lakini hilo si la kukuandikia.

Mama kaja! Nilikuwa chini ya gari nafunga rejeta, nikaona miguu ya mwanamke imesimama, nikasikia: "Ubwa, toka huko, una mgeni." Nikajigonga kichwa. Nilipotoka nina oili mpaka masikioni, na mkwe wangu amebeba mkoba wa mikate. Nikampa shikamoo. Akanijibu marahaba, akanitazama kichwa, akasema: "Weka maji, patavimba."

Akakaa na mama yangu, wakala, wakazungumza karafuu na maradhi ya watu, na mie nje nasugua oili mikononi. Baada ya sala ya alasiri akaniita ndani. Akasema mbele ya wazee wangu: "Nimekuja kumwombea mwanangu akazalie kwao, kama mwenyewe mume utaridhia." Mume! Shemegi, nilisahau hata kusema ndiyo. Baba yangu ndiye aliyenisemea.

Kuhusu neno la mwaka jana hakusema kitu. Na mie sikusema. Hivyo sijui kama limekwisha au limekaa pembeni tu linasubiri.

Alisema atarudi mjini kwa gari ya abiria. Muzdalifa akamwambia kama hapandi na yeye hapandi. Basi akapanda, akakaa mbele. Njia nzima anautazama ule mshale wa spidi. Nikipunguza, nadhani anasema moyoni huyo, anachelewa. Nikikanyaga, nadhani anasema huyo, anataka kumuua mwanangu. Nguo yangu ililowa jasho na madirisha yako wazi. Tulipofika Malindi akasema: "Simama hapa, ndani haingii."

Na kweli haingii. Hilo ndilo linaloninyima usingizi sasa. Nyumba ya mama iko ndani ya kichochoro. Gari naiacha barabara ya bandarini, na boti ya Dar ikiingia barabara inajaa watu na mizigo, haisogei. Nimeifunga breki, nimeifunga tairi, nimeipoza gia boksi, na siku yenyewe itakuwa inanitazama toka mbali. Nalala kwenye gari siku nyengine, mama hajui. Je, huko hakuna kitu cha kufunga?

Ubwa


Maskat, 26 Mei 2024

Ubwa,

Kipo. Viatu vizuri. Nimekuletea jozi, saizi yako nimeikisia.

Usilale kwenye gari. Ingia ndani, ulale kwenye chumba changu, sema mie nimekuruhusu. Mama anajua unalala kwenye gari. Kaniambia jana kwenye simu, na kaniuliza kama hiyo gari ina feni.

Hamad


Malindi, 19 Julai 2024

Shemegi Hamad,

Mtoto wa kike! Mzima, mama yake mzima, sauti yake inafika bandarini. Umeshaambiwa kwa simu, najua, na Muzdalifa keshakupelekea picha. Lakini mie nataka nikuhadithie ilivyokuwa, maana huko nje inahadithiwa vyengine.

Uchungu ulimshika juzi asubuhi, nyumba nzima tunakunywa chai. Boti ya kwanza ndiyo inaingia. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena, funguo ninazo mkononi na ninazitafuta. Muzdalifa hakuweza kutembea hata kufika mlangoni. Mama akasema: "Kiti." Nikakaa! Akasema: "Si wewe, mjinga, yeye!" Tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki, mie mbele, nyuma jirani mmoja mpagazi wa bandarini, tukambeba. Vile viatu vyako vilinifaa, Mungu akulipe. Mama alitangulia anapiga kelele watu wapishe, na vespa moja aliisukuma ukutani na mwenyewe yuko juu yake.

Tukafika kwenye gari. Muzdalifa nyuma, kajilaza mapajani mwa mama. Nikawasha, nikavuta mkono nikaweka S, nikasema leo ndiyo leo. Shemegi, mbele yangu lori la saruji. Mbele ya lori, mikokoteni. Mbele ya mikokoteni, abiria wote wa boti na masanduku yao. Gari yenye breki mpya na tairi mpya na gia boksi iliyopoa, na haina pa kwenda. Nikapiga honi. Muzdalifa analia. Nikalisikia tena lile neno, kama vile linasemwa sasa hivi ndani ya gari. Nikaona uwazi kando ya lori, mwembamba, pana watu. Nikakanyaga mafuta.

Mkono wa mama ukaja begani kwangu toka nyuma. Sikuwa najua mkono wake ni mzito namna ile. Akasema: "Taratibu, mwanangu. Utatufikisha."

Basi nikatoa mguu. Nikalifuata lori, mwendo wa mtu anayetembea. Mkono haukutoka begani mpaka hospitali. Kila tulipopita kishimo gari haikutikisika hata kidogo, na mama akamwambia Muzdalifa: "Unaona? Umo kwenye kitanda." Nilikuwa nalia, lakini nilikuwa naiona njia.

Tulifika. Tena tulikaa tukangoja, mpaka wakati wa adhuhuri ndipo tulipoitwa. Mama akaletewa mtoto kwanza, kama desturi. Akanitazama. Nikafikiri sasa atasema. Akanipa mtoto tu, akaniambia nimshike kichwa vizuri.

Leo wamekuja wanawake kumtazama mzazi, chumba kimejaa. Mie nimesimama mlangoni na sinia la kahawa, namsikia mama anawahadithia. "Mkwe wangu huyu!" anasema. "Malindi mpaka hospitali pumzi moja! Gari zote nyuma. Mie nimefumba macho, nafumbua, tushafika!" Gari zote zilikuwa mbele, shemegi, na lori la saruji ndilo la kwanza yao. Wanawake wakageuka kunitazama. Mama naye akaniona.

Akasema: "Si ndiyo, Ubwa?"

Nikamjibu: "Naam, mama."

Shemegi yako,
Ubwa